Mbuzi Aliyerudi na Dhambi Zetu

Makatekista wenzangu mlio wadogo, mmeniomba niandike kuhusu kazi yetu, na nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mwezi wa sita sina pa kupeleka maneno. Parokia ilinipa kitenge, kiti cha plastiki na hotuba ndefu. Kitenge nimeshona, kiti ndicho nilichokalia sasa hivi, hotuba nimeisahau. Msitegemee habari za kupanda cheo. Katekista hapandi cheo, anapanda baiskeli.

Mliniuliza hasa jambo moja: namna ya kufundisha fidia ya dhambi, yaani inakuwaje kifo cha Bwana Yesu kifute makosa ya mtu wa Uyui ambaye siku ile hata hakuwepo. Mnasema mkifika kwenye somo hilo watu wanasinzia. Wangu mimi hawakusinzia. Wangu walitokea madirishani. Nitafika huko, msiniharakishe.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, nikapangiwa vigango vya kando ya reli, upande wa Kigwa. Aliyenipokea ni Mwalimu Leonsi, katekista mzee, mrefu, mkavu, aliyevaa koti jua liwake mvua inyeshe. Alinikabidhi zana zangu siku hiyohiyo: kengele ya mkono, boksi la chaki, na ubao wenye ufa katikati. "Msalaba uchore kushoto," aliniambia. "Ukiuchora katikati unavunjika, na wazee wataanza kuulizana maana yake." Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Siku ya pili akaketi nyuma ya darasa, akaniambia nifundishe fidia.

Nikasimama na mfano nilioutoa kitabuni. Nikasema, tuseme mtu ameiba mizinga ya nyuki. Hakimu anamhukumu kulipa faini, kisha hakimu huyohuyo anashuka kitini, anatoa faini mfukoni mwake, anamlipia yule mwizi. Nikanyamaza ili liwaingie. Mzee mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, huyo hakimu anakaa wapi? Maana mimi nina kesi Jumanne."

Darasa lilicheka mpaka kuku waliokuwa nje wakakimbia. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Wakati wa kurudi, tukiwa tunasukuma baiskeli kwenye mchanga, Mwalimu Leonsi akasema kwa upole, "Mfano wako si mbaya. Kasoro yake ni kwamba haujawahi kumtokea mtu yeyote aliye hai. Fundisha kitu ambacho kimewapata." Nilimwona mzee mkorofi tu, nikampita na baiskeli yangu.

Kuhusu baiskeli, muwe na fundi mmoja na mumheshimu. Wangu alikuwa Fundi Seif wa Ng'ambo pale Tabora mjini, Mwislamu wa ukoo wa zamani, ambaye kila nikimpelekea baiskeli aliuliza juma hili nafundisha nini. Nikimjibu ni fidia, anatikisa kichwa. "Kwetu sisi, Mwalimu, kila nafsi itabeba mzigo wake."

"Na kwetu yupo aliyeubeba, Fundi."

Akautazama mzigo wangu nyuma ya baiskeli: vitabu, kengele, ubao na jogoo wa zawadi. "Basi mwambie aanze na huu, maana spoku zimeshakatika tatu." Tulitaniana hivyo miaka na miaka, na hakuna siku hata moja aliyoniachia baiskeli ikiwa na breki mbovu.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Wakati huo kazi nilishaizoea, Mwalimu Leonsi alishastaafu akahamia kwa bintiye Urambo, na simu zilikuwa zimeingia kila nyumba. Jina la kigango nalihifadhi, kwa sababu wapo ambao mpaka leo wakiniona wananiuliza habari za mbuzi. Kwenye darasa langu la ubatizo wa watu wazima alikuwemo mjane mmoja, Bibi Nyamizi. Mwanamke mfupi, mkimya, mwenye shamba dogo la karanga na mbuzi jike mmoja mweupe. Alitaka ubatizo kuliko mtu yeyote niliyepata kumfundisha. Hakukosa kipindi hata kimoja, na mara mbili nilimwangusha mtihani.

Nilimwangusha kwa swali lilelile. Nikimuuliza, "Kristo alifidiaje dhambi zetu?", wenzake wote wanatiririka: kwa kujitoa sadaka msalabani, akalipa deni letu. Yeye ananitazama usoni, anauliza, "Alimlipa nani?"

Mwaka wa kwanza nilimwambia ajibu swali, asiulize swali. Mwaka wa pili nikampelekea Paroko swali lake. Paroko akakohoa, akaniambia jambo hilo ni pana, akaniuliza kama nimekunywa chai. Basi nikamwangusha tena. Sikuona njia nyingine, na sitawadanganya, kidogo nilimkasirikia. Mtu mzima unaulizwa jibu la mstari mmoja, wewe unaleta shauri!

Mwaka wa tatu, kabla ya Kwaresima, tuliitwa semina. Mwezeshaji alisisitiza zana halisi. Ukifundisha mbegu, shika mbegu. Ukifundisha maji, leta ndoo. Nikarudi kigangoni nimewaka moto. Jumapili ya nne ya Kwaresima nikatangaza kwamba tutajifunza habari za yule mbuzi wa Agano la Kale, ambaye kuhani alimwekea mikono kichwani, akatubu juu yake makosa ya taifa zima, kisha mbuzi akafukuzwa jangwani akatokomee nayo. Nikasema nahitaji mbuzi halisi. Watu wakaangalia chini wote. Mtu anaweza kukupa dhambi zake bure, lakini si mbuzi wake. Ni Bibi Nyamizi aliyesimama, akasema, "Wangu yupo, Mwalimu. Labda nikimwona yeye nitaelewa."

Tukamweka mbuzi mbele ya kikanisa. Nikawapanga mstari, kila mmoja amwekee mkono, ataje kosa lake kimoyomoyo, apite. Wengi walimgusa upesi na kupita. Mzee Shija, mwenyekiti wa kigango, alipofika yeye, akakawia. Akainama. Akafumba macho. Mbuzi alipoanza kujivutavuta, mzee akatia mkono wake mfukoni, akatoa chumvi ya mawe ambayo hubeba kwa ajili ya ng'ombe wake, akamlambisha ili atulie, akaendelea. Nilifurahi moyoni. Nikasema huyu ndiye anayetubu.

Kisha vijana wa kwaya wakamswaga mbuzi mpaka ng'ambo ya reli, wakamwingiza porini kwenye miyombo, wakarudi wakipiga vigelegele. Nikawaingiza watu ndani. Nikasimama mbele, nikainua mikono, sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile, nikasema, "Ndugu zangu, mmeona kwa macho yenu. Dhambi zimekwenda, na hazitarudi tena!"

Mbuzi akaingia kwa mlango wa pembeni.

Alitembea polepole katikati ya mabenchi, hana haraka, akanusa huku na huku, akafika kwa Mzee Shija, akaanza kumlamba mkono.

Jamani, sijawahi kuona kanisa likiisha watu kwa kasi ile. Mlango mkuu ulijaa, waliobaki wakatumia madirisha. Mama mmoja mnene, ambaye siku zote hulalamika magoti, aliruka dirisha nikamwona miguu tu. Mzee Shija alitangulia wote. Tukabaki watatu: mimi, mbuzi, na Bibi Nyamizi, ambaye alivua kanga yake moja, akamfunga mbuzi shingoni, akamkokota kwenda nyumbani.

Kabla sijafika barabarani, Mzee Shija alishampigia Paroko. "Baba, dhambi zimerudi! Ziko kwa Nyamizi." Mpaka leo Paroko yule, tukionana, ananiambia kwa sauti ya Mzee Shija, "Baba, dhambi zimerudi," na anacheka mpaka anafuta macho. Mimi nacheka naye, lakini juma lile sikucheka.

Kwa sababu watu waliacha kwenda kwa Bibi Nyamizi. Kisimani akifika, wenzake wanajitwisha ndoo nusunusu wanaondoka. Karanga zake hazikununuliwa. Salamu alisalimia mwenyewe, akajiitikia mwenyewe. Mjane mzee anayeishi peke yake, na watu wameanza kupita mbali na nyumba yake wakinong'ona, hayo si mambo ya mzaha huku kwetu. Nilijua yanaweza kuishia wapi, na usingizi ulikata. Isitoshe, Mzee Shija akaitisha kikao, akataka jina la Bibi Nyamizi lifutwe kwenye orodha ya ubatizo. Eti hawezi kubatizwa mtu aliyefuga dhambi za kigango kizima.

Nikaenda kuwaeleza. Nikasema lile lilikuwa igizo, mbuzi ni mbuzi. Mzee Shija akanijibu mbele ya watu, "Mwalimu, ulisema zimekwenda. Kama zilikwenda, basi zimerudi. Kama hazikwenda, ulitudanganya kanisani. Chagua."  Nikachukua baiskeli yangu, nikaondoka bila kuchagua.

Aliyemgusa mbuzi yule bila woga alikuwa Ndahani peke yake, Mgogo wa genge la wafanyakazi wa reli. Mnajua Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita kwao na pembe za ndovu mabegani wakidaiwa hongo, yaani ushuru wa njia. Mtani anasema lolote na huruhusiwi kununa. Alikuja kwa Bibi Nyamizi, akamzunguka mbuzi, akampapasa mgongo, akapaza sauti majirani wasikie. "Hizi ndizo dhambi zote za Wanyamwezi? Mbona mbuzi amesimama? Mimi nilijua nitamkuta amelala chali!" Watu walicheka nyuma ya ua wa minyaa, lakini hakuna aliyetoka.

Nikapanda treni mpaka Urambo kwa Mwalimu Leonsi. Nilimkuta amekaa na koti lake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia marahaba, nikamwaga yote: semina, mbuzi, madirisha, kikao. Alisikiliza bila kucheka, isipokuwa pale kwenye mama wa dirishani.

"Umewaeleza watu?"

"Nimewaeleza mpaka koo limekauka."

"Mwenye mbuzi umemwomba radhi?"

 Nilikuwa nimemtetea kila mahali, lakini kwake sikukanyaga. Niliona haya. Na nitawaambia ukweli wote, maana sasa nimestaafu: niliogopa pia kumkuta yule mbuzi.

"Basi nenda," akasema Mwalimu Leonsi. "Umemtwisha mwenzio kosa lako, halafu unamfundisha habari za kutwishwa."

Nikaenda. Bibi Nyamizi alikuwa anachambua karanga. Nikapiga magoti pale uwanjani, na si kazi rahisi kwa katekista aliyezoea wengine ndio wanaopiga. Nikamwambia, "Bibi, nimekukosea. Somo langu limekuletea haya. Nisamehe." Akaniinua, akanipa kigoda, akanikaangia karanga. Tukala. Mwishowe nikamuuliza kwa nini mbuzi amerudi.

"Mbuzi analala kwake, Mwalimu. Ulitaka alale wapi?"

"Na kwa nini alimfuata Mzee Shija?"

"Si alimlambisha chumvi? Tangu siku ile kila akifunguliwa anamtafuta. Mbuzi hana dhambi, ana uchu wa chumvi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Naye akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaniuliza kama jina lake limefutwa. Nikamwambia halijafutwa, na halitafutwa mimi nikiwa hai. Nilisema hivyo kwa ukali, ila sikuwa na hakika nalo.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Maandamano yalianzia barabarani, watu wameshika makuti na majani, Mzee Shija mbele kabisa kama mwenyekiti, amevaa shati jeupe. Bibi Nyamizi alisimama nyuma peke yake, nafasi ya watu kumi ikiwa wazi kati yake na wengine. Tumeimba beti mbili, nikasikia kwaya ya nyuma imekatika, kisha ya kati. Nikageuka. Mbuzi alikuwa amekata kamba. Anakuja katikati ya maandamano, watu wanampisha kushoto na kulia, ameng'ata kuti mdomoni, shingoni kamba inaburuta.

Mzee Shija akaongeza hatua. Mbuzi akaongeza hatua. Mzee akaanza kukimbia na kuti lake, akazunguka kikanisa mara moja, mbuzi nyuma yake, akazunguka mara ya pili. Mtani wetu Ndahani, ambaye si hata muumini wetu, alikuwa amekuja kutazama tu, akawa anahesabu mizunguko kwa sauti. Mzunguko wa tatu mzee alijikwaa kwenye ngazi, akakaa chini. Mbuzi akafika, akaanza kumlamba kiganja.

"Basi!" alipiga kelele. "Basi, nimekubali! Nilihamisha mimi! Mwondoeni, nimekubali!"

 Hata Ndahani aliacha kuhesabu.

"Ulihamisha nini, Mzee?" nikamuuliza.

Akaanza kulia. Mzee wa miaka sabini, mwenyekiti, analia mbele ya wajukuu. Akasema mume wa Nyamizi alipofariki, yeye, jirani wa shamba, aling'oa minyaa ya mpaka, akapanda mingine hatua ishirini ndani ya shamba la mjane. Imepita miaka sita. Ndiyo dhambi aliyoitaja juu ya mbuzi. Na alipomwona mbuzi anarudi, tena mbuzi wa Nyamizi mwenyewe, alijua ametumwa kumdai.

Watu wote wakageuka nyuma kumtazama Bibi Nyamizi. Alikuja mbele taratibu, akaiokota kamba ya mbuzi.

"Nilijua, Shija," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuona. Ulikuwa unapanda alfajiri, nami nakwenda kisimani."

"Miaka sita unajua! Mbona hukusema?"

"Ningesema ungekana. Ungeapa. Ungejiongezea kosa lingine juu ya lile." Akakaa kwenye ngazi kando yake, mbuzi katikati. "Nilishakusamehe mwaka wa pili. Nilikuwa nakusubiri uje uchukue."

Mzee Shija alijifuta uso na shati jeupe. "Nitalipa," akasema. "Shamba narudisha kesho. Na karanga za miaka sita nitalipa."

"Shamba rudisha. Karanga hutaweza." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Zile nimeshalipa mimi. Kila mwezi wa kwanza, ghala likiisha, nilikula mara moja kwa siku. Hizo ndizo karanga zako. Zimekwisha."

Hakuna aliyeimba tena siku hiyo. Yule mama wa dirishani ndiye aliyetangulia kwenda kumshika Bibi Nyamizi mkono, wengine wakafuata, na mimi nilisimama pale na kitabu changu cha nyimbo nikilia bila kujificha. Kesho yake Mzee Shija aling'oa minyaa mwenyewe, kwa jembe, utomvu ukimrukia, akikataa msaada wa wanawe. Mbuzi alifungwa karibu naye, na nilimwona mzee kwa macho yangu akitia mkono mfukoni na kumpa chumvi.

Jumatano ya juma lilelile Paroko alikuja kuungamisha watu na kuwahoji wanaobatizwa. Aliketi mezani na orodha, mimi kando yake. Wakapita wengine, wakatiririka na majibu yao, sadaka, msalaba, deni. Ikafika zamu ya Bibi Nyamizi. Paroko alishasikia habari zote, lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na swali lilikuwa limeandikwa.

"Mama Nyamizi, Kristo alifidiaje dhambi zetu?"

Nilishika ukingo wa meza. Nikaomba moyoni, jamani leo asiulize alimlipa nani.

Bibi Nyamizi alitazama mikono yake.

"Nilikuwa nauliza alimlipa nani," akasema. "Hakumlipa mtu, Baba. Yeye ndiye aliyekosewa, na hasara akaila yeye mwenyewe. Ndiyo maana tukienda kwake hatukuti deni, tunamkuta anatusubiri."

Paroko aliiweka kalamu chini. Padri yule alisoma miaka mingi, mingine ng'ambo ya bahari. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulimfundisha wewe hivi?"

Nikamwambia hapana, Baba. Mimi nilimwangusha mara mbili.